Kujaribu tovuti za mafunzo ya kazini: dodoso, kurekodi simu, au kukaa na mtumiaji?

BintWete: Asalaam alaykum. Tunatafuta tovuti ya mafunzo ya kujiendeleza kwa wauguzi na wafamasia wa Pemba. Kabla hatujalipia, tunataka kujua kama watu wataiweza. Tuwape dodoso la SUS (System Usability Scale, la kupima wepesi wa kutumia mfumo), turekodi vioo vya simu zao kwa mbali, au tukae nao mmoja mmoja? Pesa ni kidogo.

Mkaazi_Mbweni: Waalaykum salaam, dada. SUS. Ipo tangu 1986, kaitunga John Brooke, maswali 10 tu. Wastani unaotajwa ni 68 kati ya 100. Ikiwa chini ya hapo, tafuta nyengine.

FundiMalindi: SUS itakwambia tovuti mbovu, haikwambii mbovu wapi. Halafu maswali ya witiri yanasifu, ya shufwa yanaponda. Muuguzi muungwana akitia 5, yaani nakubali kabisa, kote asikuudhi, alama inatoka 50. Umepata nini hapo? Kaa nao. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribu tovuti na watumiaji, anasema watu 5 huibua kama asilimia 85 ya matatizo, lakini wawe wa aina moja, kwa hiyo wafamasia watafutie watano wao. Mpe kazi: jisajili, maliza somo, pakua cheti. Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, mtu akikwama kidogo tu wanamuonesha pa kubonyeza.

Nesi_Mkoani: Na watumie simu zao, si kompyuta ya ofisi. Tovuti moja niliyosomea mie ina nafasi ya majina mawili tu. Nikaandika langu na la babu, cheti kikatoka bila ya jina la baba, kikakataliwa.

FundiMalindi: Umeona? Hilo dodoso lisingelitoa.

Mkaazi_Mbweni: Sawa, lakini walio Micheweni utawafikia wote? Kurekodi ni rahisi.

FundiMalindi: Rahisi kwako. Bando ni lake, na meseji za mumewe zikiingia unazisoma wewe. Mie siutaki mzigo huo.

BintWete: Na mtandao ukikatika katikati ya mtihani?

FundiMalindi: Ukate makusudi! Akifika swali la tatu mwambie azime data, awashe tena, muone majibu yapo au yamepotea. Kama tovuti imejengwa kwa Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, ina programu ya simu ya kupakua somo na kulisoma bila mtandao. Muulize mwenye tovuti kama ameifungulia.

BintWete: Ahsante, kaka. Tutaanza na wauguzi watano, hapa Wete.

Nesi_Mkoani: Nauli ya sisi wa Mkoani analipa nani?