Gumzo la kikundi: Wana wa Nyumba ya Wete

JUMATANO

Da Mize 19:42
Assalaam alaykum wana. Nasema mara moja tu. Intaneti ya kompyuta ya nyumbani imetushinda. Rahma ana fomu ya mkopo wa chuo, mwisho Jumatatu. Kila mtu atoe 30,000 tununue ruta mpya. Naandika majina.

Da Mize 19:43
1. Mize 30,000 ✅
2.
3.
4.
5.

Da Mize 20:15
Mmesoma. Alama za buluu nawaonea hapa.

Bi Hidaya 20:31
_Imesambazwa mara nyingi_
Wenye presha: chemsha ukwaju na karafuu saba, kunywa kabla ya kulala. Mtumie umpendaye.

Omar Dar 20:33
Shangazi, na kompyuta tuichemshie?

Da Mize 20:33
OMAR

Rahma 20:40
Shikamooni. Mama Mize, si kwamba haiunganishi kabisa. Nikichomeka modemu taa inawaka, nabonyeza Unganisha, inaandika inapiga *99#, halafu mara inakubali, mara inaleta kosa namba 628. Ikikubali inakaa kidogo inakatika. Na hata inapokubali, ukurasa wa fomu haufunguki, unaniandikia muunganisho si salama.

Da Mize 20:41
Si niliwaambia? Modemu imekufa. Ruta.

Saleh Maskati 21:05
Kabla ya kuchanga tena, zile pesa za tangi zilizobaki ziko wapi?

Da Mize 21:05
Tangi na kompyuta wapi na wapi?

Saleh Maskati 21:06
Nimeuliza tu.

Omar Dar 21:09
Krrriiii-ting-ting-kshhhhhhhh
Nani anakumbuka?

Bi Hidaya 21:10
😂😂 Mama yenu akisema "jini la simu limeamka"

Omar Dar 21:11
Na ole wako uinue mkonga wa chumbani kwa Baba. Mtandao chini, mkono wa Saleh shingoni.

Saleh Maskati 21:14
Masika ndiyo basi tena. Laini inakwaruza, modemu ya kasi ya 56k inashuka mpaka 28, barua pepe moja unamaliza birika la chai. Nikafungua kile kisanduku cha ukutani, nyaya zimeota kutu ya kijani. Nikakata ncha, nikazimenya upya, ikarudi. Hilo hakuna anayelikumbuka.

Rahma 21:15
Kwani intaneti ilikuwa inapita kwenye simu ya mezani mjomba?

Saleh Maskati 21:16
Ilikuwa inapiga simu mwanangu, na dakika zinahesabiwa. Hiyo modemu yako nayo inapiga simu vilevile, *99# ni namba. Ila waya ndio haupo tena.

Da Mize 21:20
Tunazungumzia SASA. Enzi za mkonga zilitutia hasara ya kutosha, na aliyetutia anajijua.

Saleh Maskati 21:20
Mtaje.

Da Mize 21:21
Sikumtaja mtu.

Saleh Maskati 21:24
Mtaje Mize. Tangu 2002 kila likitamkwa neno intaneti nasimamishwa mimi. Usiku ule mimi nilikata, nikaenda kulala. Aliyeunganisha tena na kuiwacha mpaka asubuhi anajijua, na yumo humu.

Omar Dar 21:26
Mie nilikuwa Konde kwa bibi 🙈

Saleh Maskati 21:26
Hukuwa Konde.

Bi Hidaya 21:40
Jamani tusameheane, dunia mapito

Da Mize 22:02
Shaame. Unasomea mambo hayohayo Tunguu, na umesoma kila kitu, na umenyamaza. Namwambia mwanangu mbele za watu.

Shaame 23:08
Samahani Mama, nilikuwa na mtihani. Shikamooni wote.
Rahma, hayo ni mawili, yanachanganywa. La kwanza kukatika. 628 ni upande wa pili kukata kabla simu haijaunganika. APN ya laini, yaani lile jina la kuingilia intaneti ya kampuni ya simu, ingekuwa mbovu isingekubali hata siku moja, kwa hiyo hapo usiguse. Modemu umechomeka mbele ya CPU au nyuma?

Rahma 23:09
Mbele, pale karibu na kitufe cha kuwashia

Shaame 23:13
Hamisha nyuma. Tundu za mbele zinapita kwenye waya mwembamba wa ndani, na modemu inapohangaika kutafuta mnara inataka umeme zaidi. Ikiukosa inajizima inaanza upya. Halafu nyumba ya mawe, bati juu, na modemu iko chini ya meza! Tafuta waya wa kurefushia USB, mita moja yatosha, uifunge dirishani upande wa mnara. Na kwenye programu yake usiiwache ichague yenyewe 2G au 3G, weka 3G peke yake. Ikiwa inaruka huku na kule ndipo inapokukata.

Shaame 23:14
La pili, nipigie picha kona ya chini ya skrini, mkono wa kulia

Rahma 23:16
📷 Picha

Shaame 23:16
Nilijua. Umeona tarehe? 1 Januari 2009.

Omar Dar 23:17
Subhanallah. Waya wa umeme wa kutoka Tanga kuja Pemba bado haujalazwa baharini. Rahma yuko mgongoni kwa mamake. Mie nina nywele!

Bi Hidaya 23:18
Jenereta za Wesha hizo zinavuma 😂😂😂

Omar Dar 23:19
Rahma usiirekebishe, tumia hiyohiyo uninunulie kiwanja Machomane kwa bei ya zamani

Shaame 23:24
😂 Betri ya saa imekufa. Ile ya duara kama sarafu, ndani ya CPU, imeandikwa CR2032, volti 3. Umeme ukikatika tu kompyuta inasahau tarehe. Sasa tovuti yenye ulinzi ina cheti, na cheti kina siku ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta ikidhani ni 2009 inaona cheti hakijaanza kazi, inagoma. Modemu haina kosa hapo, hata ungekuwa na ruta ya dhahabu ungeandikiwa vilevile. Irekebishe tarehe kwa mkono kwanza. Betri wanazo mafundi saa.
Na ukishindwa yote: chomeka simu ya mama yako nyuma ya CPU kwa waya, washa kugawa intaneti kwa USB. Hakuna modemu wala ruta.

Da Mize 23:31
Mashaallah mwanangu, ahsante. Kwa hiyo ruta ya aina gani?

Shaame 23:31
Mama

ALKHAMISI

Ami Faki 05:51
Assalaam alaykum. Nimesoma yote baada ya sala.
Bili ya mwaka ule aliilipa mama yenu, Mungu amrehemu. Aliuza karafuu zake mwenyewe, na karafuu zile zilikuwa na kazi yake, mnaijua. Hakumuuliza mtu. Nilipotaka kuuliza mimi alinikataza. Leo nyie mnaulizana kwa amri ya nani?
Hesabu ya tangi nitaitaka mimi, Mize. Si kwenye simu.
Na kompyuta isitolewe nyumbani kupelekwa kwa fundi. Ya kaka yangu ile.

Omar Dar 07:58
Sawa Ami.

Da Mize 08:10
Sawa Ami. Tumekusikia.

Saleh Maskati 09:47
Shikamoo Ami. Sawa.

Da Mize 11:05
Tuendelee. Ruta nimeiweka pembeni kwa sasa. KWA SASA. Naandika majina:
1. Betri – ?
2. Waya wa kurefushia – ?
3. Bando la Rahma – ?

Rahma 13:20
Nimehamishia nyuma, afadhali sana, inakatika mara moja moja. Tarehe nimerekebisha na ukurasa ukafunguka! Nikajaza mpaka kwenye kupakia cheti cha skuli, umeme ukakatika. Uliporudi tukarudi 2009. Simu ya mama nimechomeka, kompyuta haiioni kabisa.

Shaame 13:41
Waya huo utakuwa wa kuchajia tu, hauna nyaya za kupitishia data ndani. Azima mwengine. Naingia darasani.

Omar Dar 14:02
Mie naweza kumpa betri mtu wa boti ya Jumamosi

Da Mize 14:02
Naweza au nampa?

Omar Dar 14:15
Inshaallah

Da Mize 14:15
Inshaallah yako naijua Omar. Wete hakuna fundi saa mpaka betri itoke Dar?

Rahma 14:20
Yupo, ila nimekuta pamefungwa. Jirani anasema kaenda Micheweni mazikoni.

Saleh Maskati 15:30
Bando natuma mimi. Si la ruta.

Da Mize 15:31
Nitumie mimi nimpe.

Saleh Maskati 15:33
Namtumia Rahma.

Da Mize 15:50
Haya. Asha, wewe ndiye mama mtu na hujaandika neno tangu jana.

Asha Mama Rahma 18:49
Niko kwa Ami.

Da Mize 18:50
Anasemaje?

Da Mize 19:20
Asha?

Bi Hidaya 19:25
_Imesambazwa mara nyingi_
Leo usiku wa Ijumaa, tusisahau Suratul Kahf 🤲

Makame Tanga 21:12
Assalaam alaykum, samahani ndugu zangu ndio nashika simu sasa. Nimeona mambo ya betri. Betri ya gari? Ipo moja hapa naweza kuwapa.

Da Mize 21:12
Makame soma juu.