Pampu za joto za gesi kwa nyumba za Molo: mimi napinga

Kuna hoja inayozunguka hapa Nakuru kwamba watu wa nyanda za baridi, Molo, Elburgon, Mau Narok, waletewe pampu za joto zinazoendeshwa kwa gesi, kama zile za Ulaya, waachane na jiko la makaa chumbani.

Kuhusu makaa sina ubishi. Kwa shangazi yangu Molo, kila Julai jiko huingizwa sebuleni jioni, dirisha likazibwa kwa gunia. Kufika saa tatu watoto wanalia kichwa. Hiyo ni kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inaua.

Pampu ya joto huvuta joto lililo kwenye hewa ya nje, hata kukiwa na baridi, ikaliingiza ndani. Ile ya gesi ni ndugu ya friji za gesi zilizotunza chanjo kwenye zahanati zisizo na stima: moto unachemsha maji yenye amonia, amonia inatoka kwenda kuvuta joto, kisha inanywewa tena na maji. Kipimo kimoja cha gesi hukupa kimoja na theluthi hivi cha joto. Ulaya inaeleweka, bomba la gesi linafika mlangoni.

Yetu inashuka melini Mombasa, inapanda lori, ndipo iingie mtungini. Na Olkaria, kaunti yetu hii hii, inatoa umeme wa mvuke wa ardhini tangu 1981! Pampu ya stima hutoa karibu vipimo vitatu kwa kimoja. Kule Naivasha shamba la Oserian limepasha vitalu vya maua kwa joto hilo la ardhini. Waridi lilale pa moto, mtoto wa Molo avute moshi? Inaniuma.

Najua mtaniambia stima hupotea mvua ikianza tu. Kweli, na hapo gesi ina haki yake kidogo, ingawa pampu yake nayo huhitaji stima kiasi ya kuzungusha feni. Lakini pia nyumba nyingi kule ni za mbao, upepo unapita kwenye nyufa. Zisipozibwa na dari kuwekwa, pampu yoyote ile itakula pesa bure. Zikizibwa, jiko la makaa lisiingie ndani kabisa.

Anayeweza kunibadilisha mawazo ni mwenye ng'ombe na mtambo wa gesi ya samadi, maana gesi hiyo ni yake. Ninyi wa Njoro na Molo mlio nayo: Julai, mkishapika chai na ugali, inabaki ya kupasha nyumba?