Joto la Dar usiku: mji wenyewe ufanye nini?

Mkazi wa Tabata: Wakuu habari zenu. Januari hii saa sita usiku ukigusa ukuta wa chumbani bado una moto, lakini nikilala Kisarawe, nje ya mji, najifunika shuka kabisa. Kiyoyozi siwezi, units za umeme wa LUKU zinaisha mbio mno. Sasa siulizii nyumba yangu tu, mji mzima unaweza kufanya nini hili joto lishuke?

Fundi paa: Mkuu hiyo ni lami, zege na bati, vinashika jua mchana kutwa halafu usiku ndo vinatoa joto, na maghorofa yakibanana upepo haupiti. Mi naona tuanze na paa. Bati jeupe linarudisha jua juu, ila wateja wanataka bati la msauzi la rangi ya maruni au jeusi sababu ya muonekano, wakilala ndo wanalia. Ahmedabad kule India joto la 2010 liliua watu zaidi ya 1,300, mwaka 2013 mji ukatoa mpango wake wa joto, baadaye wakaanza kupaka rangi nyeupe mapaa ya nyumba za watu wa chini. Kazi ya brashi na ndoo tu hiyo.

Dada miche: Paa sawa ila miti jamani! Medellín, Colombia, kuanzia 2016 wamepanda njia 30 za kijani kandokando ya barabara na mito, joto likashuka kama digrii 2, na watu wa mitaa maskini wakafundishwa kazi ya bustani wakaajiriwa. Huku kwetu barabara ikipanuliwa mti wa mkungu wa miaka mingi unaangushwa, halafu tunaletewa miashoki, mti umesimama wima kama mlingoti, saa saba mchana kivuli chake hakitoshi hata benchi la mama ntilie. Inaniuma sana. Mwarobaini upo, unatanuka na unavumilia kiangazi.

Mtu wa Unguja: Na vipimo vya mitaa pia. Mji Mkongwe vichochoro ni vyembamba, kuta nene za mawe na chokaa, mchana unatembea kivulini. Ghorofa la vioo kwa jua hili la pwani mie silielewi kabisa.

Mkazi wa Tabata: Asanteni sana. Uani kwetu mwenye nyumba kamwaga pevingi mpaka ukutani, je mwarobaini utakubali hapo?

Dada miche: Ng'oa pevingi kama mita moja kila upande, usiusogeze ukutani wala karibu na shimo la choo, mizizi inasumbua. Subiri masika, Machi hivi, ndo upande.