Kamera ya Chumba cha Mtoto

Shangazi Mwanaidi, saa 1.40 asubuhi
Habari za asubuhi, ndugu zangu. Juma anaanza zamu za usiku wiki ijayo, na Neema atabaki peke yake na mtoto wa miezi minne. Tulikubaliana kuwanunulia kamera ya kumwangalia mtoto akiwa amelala, lakini tangu juzi nimeuliza ni aina gani inayofaa, na waliojibu ni wawili, mmoja kwa kidole gumba. Naomba maoni yenu leo, kwa sababu kesho naagiza.

Hamisi, saa 2.15 asubuhi
Shikamoo, Shangazi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kifaa cha redio chenye skrini yake, ambacho hakipiti kwenye intaneti kabisa, kwa hiyo hakuna mtu wa mbali anayeweza kukichungulia. Ya pili ni kamera ya kawaida ya nyumbani inayotumia Wi-Fi na kuonekana kwenye simu popote ulipo, ingawa picha huchelewa kidogo. Kamera nyingi za bei nafuu hukubali masafa ya gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo nahitaji kujua kwanza ruta yao imewekwaje.

Mjomba Saidi, saa 2.21 asubuhi
Kumbe nyumba ile ina upungufu wa wifi? Neema anao mawifi wanne, wote wana mawimbi makali, na hakuna hata mmoja anayehitaji nywila ili aingie.

Tatu, saa 2.23 asubuhi
Mjomba, sisi mawifi tumekusoma na tumecheka, lakini siku yako inakuja.

Shangazi Mwanaidi, saa 2.30 asubuhi
Tafadhali turudi kwenye kamera. Hamisi, wewe ulitumia ipi?

Hamisi, saa 3.05 asubuhi
Ya Wi-Fi, na ilitufunza. Taa zake za infraredi, zile za kuonea gizani, zilikuwa za nanomita 850, ambazo gizani huacha wekundu hafifu, na mwanangu alikuwa akizikodolea macho badala ya kulala. Za nanomita 940 hazionekani kwa jicho. Kubwa zaidi, simu ya mke wangu ilikuwa ikiifunga programu usiku ili kuokoa betri, sauti ikakatika bila onyo lolote, nasi tukasema mtoto siku hizi analala vizuri, mpaka siku tuliposikia kilio kikipenya ukutani huku simu ikiwa kimya kando ya mto.

Salma, saa 6.48 mchana
Samahani, nilikuwa wodini. Kamera yoyote mtakayochagua, yenyewe na waya wake vikae angalau mita moja kutoka kitandani, kwa sababu watoto wamewahi kunyongwa na nyaya za vifaa hivi. Leo mtoto hafiki, lakini baada ya miezi miwili atakuwa anavuta kila kilicho karibu. Msivutwe pia na vile vinavyodai kupima pumzi ili kuzuia kifo cha ghafla, kwani madaktari wa watoto hawavipendekezi kwa kazi hiyo. Mtoto alazwe chali, juu ya godoro gumu, bila mito.

Shangazi Mwanaidi, saa 7.02 mchana
Ahsante, Salma. Basi tunachukua ya Wi-Fi. Akaunti nitaifungua kwa simu yangu, kisha nitawagawia nywila Tatu na wengine wanaotaka, ili tusaidiane kumwangalia.

Hamisi, saa 7.10 mchana
Shangazi, nywila haigawiwi hivyo, wala ile ya kiwandani haiachwi. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa, zikiwemo kamera, kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.

Neema, saa 8.26 mchana
Shikamoo, Shangazi. Nawashukuru kwa moyo wenu, na naomba niseme kwa heshima. Sijasahau yale ya sebuleni. Maneno niliyomwambia mama yangu kwa simu, nikiwa peke yangu nakunja nguo, yalinirudia kabla ya magharibi kwa mdomo mwingine. Chumba hiki ndimo ninamonyonyesha, na siku nyingine ndimo ninamolia, kwa hiyo siwezi kukaa humo nikijua kwamba kipaza sauti kiko wazi kwa watu sita.

Tatu, saa 8.31 mchana
Hayo yalizungumzwa yakaisha, na radhi niliomba.

Mjomba Saidi, saa 8.33 mchana
Ujumbe huu umefutwa.

Shangazi Mwanaidi, saa 8.40 mchana
Kamera ile niliiweka kwa ajili ya wezi.

Bibi, saa 10.12 jioni (ujumbe wa sauti, Hamisi ameuandika kwa ajili ya walio kazini)
Nimelea watoto tisa bila jicho ukutani, wala siikatazi kamera, maana nyumba yangu ilijaa masikio ya kumsikia mtoto akilia, na ya Neema haina. Lakini jicho hilo ni la mama yake. Mwanaidi, ulipojifungua, kila nilipotaka kumwona mjukuu wangu nilisimama mlangoni kwako nikabisha hodi. Na wewe bisha.

Shangazi Mwanaidi, saa 11.05 jioni
Nimesikia, Mama. Akaunti ataifungua Neema.

Juma, saa 12.30 jioni
Ndiyo kwanza nasoma ujumbe wenu. Nami ningependa kumwona mtoto nikiwa zamuni, kama Neema ataridhia.

Hamisi, saa 12.41 jioni
Basi ile ya redio haitakufaa. Tafuteni ya Wi-Fi yenye kadi ya kumbukumbu, ili picha zisihifadhiwe kwa watu baki, na ambayo kipaza sauti na lenzi vinaweza kufungwa wakati wa kunyonyesha. Neema atakuruhusu kwa akaunti yako mwenyewe, na siku yoyote anaweza kukuondoa.

Shangazi Mwanaidi, saa 12.50 jioni
Kwa hiyo niagize kesho asubuhi?

Neema, saa 2.17 usiku
Naomba kwanza tuzungumze, mimi na Juma.

Hamisi, saa 2.20 usiku
Mkiwa mnazungumza, mmoja wenu anipigie picha ya karatasi iliyobandikwa chini ya ruta. Hapo penye nywila apafunike kwa kidole.