Wapendwa tuliougua sonona, na mliotuuguza, tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Bwana asifiwe. Naanza na langu. Mwaka 2021 nilikuwa naongoza sifa kila Jumapili, nikishuka tu madhabahuni nakwenda kujifungia choo cha nyuma, nalia mpaka nasikia wameanza matangazo. Ukiniuliza nalia nini, sina jibu. Usingizi unakatika saa tisa usiku, chakula hakipiti.

Nikamweleza kiongozi wangu wa maombi. Akasema ni roho ya kukata tamaa, nifunge siku tatu. Mtu wiki nzima hajala, unamwambia afunge! Nikafunga, siku ya pili nikaanguka bafuni.

Mdogo wangu ndiye aliyenipeleka kliniki ya afya ya akili. Nikapewa dawa ya usiku, nikaonywa kwamba nafuu inaweza kuchukua wiki kadhaa, na nikipata nafuu nisiiache ghafla. Siku za mwanzo mdomo ulikauka kama nimelamba majivu. Wiki ya tano nikajikuta nasonga ugali bila kuambiwa na mtu. Dawa bado natumia, na sifa bado naongoza.

Semeni yenu. Hasa: nani alikusaidia, na alifanya nini?

Dada wa alto, Iringa
Mwenzangu wa kwaya. Hakuniletea andiko hata moja. Kila Jumatano kabla ya mazoezi anakuja, anachota maji, anafua nguo zangu uani huku anaimba alto peke yake (alto bila sauti nyingine inachekesha, jaribuni). Akimaliza, anaaga anaondoka.

Wiki ya tatu nikatoka nikamsaidia kuanika. Hapo hapo kwenye kamba, nikiwa na shuka mkononi, nikamwambia natamani nisiamke kesho. Hakukemea pepo. Aliniuliza, "Umeshawaza utafanyaje?" Nikasema ndiyo. Usiku ule alilala kwangu, asubuhi tukaongozana hospitali, akakaa benchi mpaka nilipoitwa.

Mzee wa kanisa, Moshi
Mimi nimo kwenye kundi la waliokosea. Kijana wetu wa usharika alikuwa hivyo, nikaenda kwake na Wafilipi 4, "Furahini katika Bwana". Nikasoma, nikaomba, nikaondoka nimeridhika. Hakuja tena ibadani.

Baadaye nikarudia 1 Wafalme 19, sura niliyoifundisha miaka. Eliya yuko chini ya mretemu anaomba afe. Malaika hamhubirii. Anamletea mkate uliookwa makaani na gudulia la maji, Eliya anakula, analala, anaamshwa, anakula tena. Kuulizwa "Unafanya nini hapa?" ni huko Horebu, baada ya siku 40 za njia!

Siku hizi nikienda kumwona mtu natangulia na chupa ya mtori. Yule kijana nilimwomba radhi. Kanisani hajarudi, ila simu yangu anapokea.

Kaka wa Nakuru
Wanaume tusisahaulike. Yangu haikuja na machozi, ilikuja na hasira. Matatu ikichelewa kidogo, tayari nimegombana na makanga. Nyumbani watoto wakisikia lango, wanazima TV wanaenda kulala. Kila mtu alidhani ni kiburi, hata mimi.

Zaburi 88 ndiyo iliyonishika. Nyingine nyingi zikianza na kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa, hii inaishia gizani. Nikasema, kumbe hata huyu aliruhusiwa kuingia kwenye Biblia.

Mke wa mchungaji
Nimesoma yote kimya kimya. Kwetu mgonjwa ni mchungaji mwenyewe. Jumamosi usiku mimi ndiye naandika mahubiri, yeye anayasoma kesho yake. Washirika wanasema siku hizi mahubiri yametulia. Dawa anameza, lakini hataki mtu ajue. Nami nimechoka. Nimwambie nani bila kumvunjia siri?

Dada wa alto, Iringa
Mama mchungaji, pole sana. Wewe nani anakufulia?

Mke wa mchungaji
Hakuna.