Mama ameanza kusahausahau: ginkgo na brahmi zinasaidia kweli?

BintiFundi ameandika:

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo, hasa kwa wenye uelewa wa dawa, maana mwenzenu usingizi umeniruka.

Mama yangu ana miaka 68, fundi cherehani maisha yake yote. Ni mtu aliyekuwa anampima mteja mara moja tu, haandiki popote, na wiki inayofuata anakata kitambaa bila kukosea hata nusu inchi. Siku hizi anaanza kushona mkono wa gauni, anainuka kufuata uzi, akirudi anauliza nguo hii ni ya nani. Juzi nimemkuta ameshona mikono miwili yote ya kulia. Aliitazama, akaifumua kimyakimya, hakusema neno. Hajapotea njia, jina la kila mjukuu analijua, hela anahesabu vizuri. Ila yale ya leo na jana ndiyo yanamponyoka.

Hali hii haikuja ghafla, imekuwa ikiongezeka taratibu kama mwaka hivi.

Jirani yetu mwenye nia njema kabisa ametuletea vidonge vya ginkgo, vidonge vya brahmi (mimea inayouzwa kwa ajili ya kumbukumbu), na unga wa majani kwenye mfuko usio na maandishi yoyote. Anasema vyote vinywewe pamoja asubuhi. Mama tayari anatumia dawa ya presha, metfomini ya sukari kwa miaka mingi, aspirini ndogo kila siku, na usiku anameza klofeniramini kwa ajili ya mwasho, anasema inampa na usingizi mzuri.

Nauliza: kipi kati ya hivyo kinafanya kazi? Na je, kuna ubaya kuvichanganya na dawa zake? Mimi sidharau miti shamba hata kidogo, nimelelewa nayo. Nataka tu nisimdhuru mama yangu.

---

MfamasiaWaZamu amejibu:

Pole sana dada, na mfikishie mama shikamoo yangu. Umefanya vyema kutaja dawa zote anazotumia, wengi huwa hawataji, na hapo ndipo jibu lenyewe lilipo. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa muda mrefu, na suala hili la wazazi na vidonge vya kumbukumbu linanigusa sana, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Nianze na ginkgo. Kati ya mimea yote inayouzwa kwa ajili ya akili, hii ndiyo imechunguzwa kwa upana zaidi. Kule Marekani walifuatilia wazee zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 75 na kuendelea, wengine wakipewa ginkgo miligramu 120 mara mbili kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa ndani. Waliwafuatilia kwa takriban miaka 6. Matokeo yalitoka 2008: ginkgo haikuzuia ugonjwa wa kusahau. Waliomeza na wasiomeza waliupata kwa kiwango kinachokaribiana. Kwa mama yako kuna jambo la pili. Anatumia aspirini, ambayo huifanya damu isigande upesi, nayo ginkgo inahofiwa kuongeza uwezekano wa kuvuja damu ikikutana na dawa za aina hiyo. Ndiyo maana mgonjwa anayekwenda kufanyiwa upasuaji huambiwa aiache mapema. Mimi nisingempa.

Brahmi ina hadhi nyingine. Zipo tafiti ndogondogo, nyingi zikitumia takriban miligramu 300 za dondoo lake kwa siku kwa wiki 12, zilizoonyesha watu wakikumbuka vizuri kidogo mambo waliyojifunza. Angalia muda huo: wiki 12. Anayekwambia ameza leo kesho akili itafunguka, huyo anauza tu. Brahmi pia huvuruga tumbo, huleta kichefuchefu na kuharisha, hasa ikinywewa kabla ya kula, na mzee anayetumia metfomini tumbo lake tayari lina kazi. Sisemi ni sumu. Nasema si wakati wake, kwa sababu nitakazozieleza.

Ule unga usio na jina uweke kando kabisa. Hakuna anayeweza kukushauri juu ya kitu ambacho hakijulikani ni jani gani wala kiasi gani.

Wala usidhani nasema hivi kwa kuidharau mimea. Galantamini, dawa ambayo madaktari huwaandikia wagonjwa wa Alzheimer (aina moja ya huo ugonjwa wa kusahau), ilitokana na maua ya jamii ya Galanthus, na Marekani iliiruhusu mwaka 2001. Mmea unaweza kuwa dawa kamili. Lakini kwa kuwa ni dawa kamili, lazima ujue kipimo chake, ujue unachanganywa na nini, na ujue unatibu nini.

Sasa tuje kwenye yale yaliyonifanya niache chai yangu ipoe wakati nasoma ujumbe wako. Klofeniramini kila usiku! Dawa hii ya mzio ni ya kizazi cha zamani, inaingia kwenye ubongo na kuzuia kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo ndiyo ubongo unaitumia kuweka kumbukumbu. Kwa kijana unaishia kusinzia. Kwa mtu wa miaka 68 inaweza kuleta usahaulifu na kuchanganyikiwa, na uzito wake haumwishii asubuhi. Tazama lilivyo hili jambo: dawa nyingi za Alzheimer, galantamini ikiwemo, zinafanya kazi ya kuiongeza kemikali hiyohiyo ambayo kidonge cha mwasho kinaizuia. Zipo dawa mpya za mzio, kama loratadini, ambazo haziingii sana kwenye ubongo. Mwulize daktari kama anaweza kubadilishiwa, na pia atafute chanzo cha huo mwasho wenyewe.

La pili ni metfomini. Ni dawa nzuri, asiiache, narudia asiiache. Ila ikitumika miaka mingi hupunguza uwezo wa mwili kufyonza vitamini B12, na upungufu wa B12 huleta usahaulifu, ganzi miguuni, na uchovu. Kama anatumia pia omeprazoli ya tumbo, hatari inaongezeka. Mwulize kama nyayo zinamchonyota au hazihisi vizuri sakafu.

Kwa hiyo, kabla ya kumwongezea kitu chochote, mpeleke akapimwe: B12, wingi wa damu, tezi ya shingo, sukari, figo. Daktari amwulize pia kuhusu huzuni, maana sonona kwa wazee mara nyingi hujificha ndani ya usahaulifu. Peleka vidonge vyote kwenye mfuko mmoja, vile vya jirani vikiwemo, umwagie daktari mezani avione.

Ikitokea amebadilika ndani ya siku moja au mbili, akaanza kuweweseka, au alianguka akajigonga kichwa huku anatumia aspirini, hapo usingoje miadi. Mkimbize hospitali siku hiyohiyo.

---

Msomi_Usiku amejibu:

Asante mfamasia kwa darasa. Naomba nidandie hapa. Mimi ni mwanafunzi, nina mitihani, na nimeshauriwa rozimari na chai ya kijani ili nikumbuke ninachosoma. Kuna ukweli?

---

MwlRehema amejibu:

Mdogo wangu, kwenye chai ya kijani kuna kafeini pamoja na kitu kiitwacho theanini, na vikiwa pamoja vinasaidia utulivu na umakini kwa saa chache. Ni kweli kabisa. Lakini kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu tu mwilini, kwa hiyo ukinywa saa mbili usiku, saa saba bado umebeba nusu yake, na usingizi ndio wakati ubongo unapopanga ulichosoma mchana. Kunywa asubuhi. Rozimari inanukia vizuri, weka mezani ukipenda, lakini usiitegemee.

Nikupe kitu ambacho nimekiona darasani mwaka hadi mwaka. Soma ukurasa, funga daftari, chukua karatasi tupu uandike yote unayoyakumbuka. Itauma, utaona kama hujui chochote. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma na waliojijaribu bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojijaribu waliwaacha mbali. Mtihani wako uko baada ya dakika 5 au baada ya wiki?

---

KakaMkubwa72 amejibu:

BintiFundi, mchunguze mama na masikio. Baba yetu tulimwona amepotea akili, kumbe nusu ya maneno hayamfikii, na jambo usilolisikia huwezi kulikumbuka. Wataalamu wa jarida la tiba la Lancet mwaka 2024 waliorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau ambayo yanaweza kurekebishwa, na usikivu hafifu umo, pamoja na presha na sukari. Baba sasa ana kifaa cha masikioni na tunabishana naye kama zamani. Kila jioni tunatembea naye pia. Kutembea kwa wazee nako kumefanyiwa utafiti, na sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu iliongezeka kidogo kwa waliotembea mwaka mzima.

---

BintiFundi amejibu:

Nawashukuru wote kutoka moyoni. Nimemwuliza kuhusu nyayo. Amekaa kimya kidogo, kisha akasema pedali ya cherehani siku hizi anaikanyaga bila kuisikia, akadhani ni uzee. Sikuwahi kujua. Miadi ya daktari nimeshaipata Jumatatu.

Jirani nimemshukuru na kumweleza kwamba tunasubiri vipimo kwanza, hakukasirika. Swali moja la mwisho kwa mfamasia: nyumbani tuna vidonge vya vitamini B vya mchanganyiko. Nimwanzishie leo wakati tunasubiri?

---

MfamasiaWaZamu amejibu:

Kwa siku hizi chache, subiri dada. Akianza kuvimeza sasa, kiwango cha B12 kwenye damu kitapanda na kipimo kinaweza kuonekana kizuri wakati tatizo bado lipo. Atolewe damu kwanza. Na hilo la pedali mwambie daktari kwa maneno yaleyale aliyokuambia mama, usilifupishe.