Kopo la dawa kinga linalia, kambi nzima imesikia

MamaDagaa
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Nauza dagaa, kwangu Katonga, ila giza la mwezi likiingia nahamia kambi za Kalya mpaka mbalamwezi iturudishe. Nisizunguke: kule mwenye boti ndiye anayeamua nani apimiwe dagaa kwanza, na si wote wanaotaka hela. Ukitaja kondomu, zamu yako inarudi nyuma. Ndiyo maana nilipima VVU, nikakutwa salama, nikaanza dawa kinga ya kuzuia VVU, kidonge kimoja kila siku.

Tabu ni kopo. Linafanana na la ARV, dawa za wenye VVU, ukibeba begi linalia kama kayamba. Shoga yangu tunayelala turubai moja akalisikia. Jioni kambi nzima wanajua nina ngoma. Nikaacha siku tisa. Giza linakaribia tena. Niendelee nilipoishia?

Nesi Mstaafu Ujiji
Marahaba mwanangu. Usiendelee kienyeji, kapime kwanza. Kama virusi vimeingia siku hizo tisa, dawa hiyo peke yake haitoshi kuvidhibiti, inaweza kuvifundisha usugu. Na uwaambie tarehe, maana kipimo cha leo huenda kisione cha juzi. Kama kuna lililotokea ndani ya saa 72, sema wazi: ipo dozi nyingine ya siku 28. Ukianza upya, kwa mwanamke hesabu siku 7 ndipo uitegemee, kwa hiyo usisubiri siku ya kupanda boti. Omba vidonge vya safari yote. Kopo lijaze pamba, halilii. Usihamishie kwenye mfuko, unyevu utaviharibu.

Baharia Kibirizi
Dada pole. Ila na sisi tusemewe. Tunatoka ziwani alfajiri, tukiamka dirisha la dawa limefungwa. Siku niliyowahi nikaulizwa, "Wewe mwanaume ya nini?" mbele ya foleni. Sijarudi.

Binti Isevya, Tabora
Ipo sindano ya kinga ya VVU, lenacapavir, mara moja kila miezi 6. Uganda na Afrika Kusini waliijaribu kwa wanawake 2,134, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Hiyo haina kopo.

MamaDagaa
Miezi sita! Ije Kalya na boti ya abiria basi, siyo iishie mjini. Nesi, asante, asubuhi naenda kupima. Baharia, twende wote. Akikuuliza nitajibu mimi.